Kabla ya Safari ya Ziwani, Yajue Maji Yake

Kaunti ya Isiolo haina ziwa kubwa. Familia na vilabu vya shule vinavyotaka kuona ziwa wakati wa likizo huelekea Baringo, Bogoria au, kwa wasioogopa safari ndefu, Turkana kupitia Marsabit. Yote matatu yamo katika Bonde la Ufa, lakini maji yake hayafanani. Kwa hiyo swali la kila msafiri, "Tubebe maji au tutayapata huko?", halina jibu moja.

Tuanze na sababu. Mito huingia ziwani na chumvichumvi iliyoyeyuka kutoka kwenye mawe na udongo. Ziwa lenye njia ya kutokea huitoa chumvi hiyo pamoja na maji. Lisilo na njia hubaki nayo: jua hukausha maji, chumvi inabaki. Aliyewahi kuchemsha maji ya kisima kwa muda mrefu ameuona utando mweupe chini ya sufuria. Ni jambo lilo hilo.

Bogoria halina njia ya kutokea, na chemchemi zake za moto huongeza madini. Kipimo chake cha pH hukaribia 10, ilhali 7 ndiyo katikati. Maji hayo huteleza vidoleni kama ya sabuni, huwasha macho, na hayanyweki. Flamingo huyapenda kwa sababu chakula chao humea humo. Chemchemi zenyewe huivisha yai, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono, asiachwe akimbie mbele.

Baringo, lililo karibu kabisa na Bogoria, ni ziwa la maji baridi. Halina mto unaoonekana ukitoka, ila maji hupenya chini kwa chini kwenye mawe ya volkano. Rangi yake ya kahawia ni udongo uliomomonyoka milimani. Chumvi si shida huko. Shida ni vijidudu, na pia mamba na viboko. Maji yake yaache yatulie, uyachuje, kisha uyachemshe. Kuogelea tusidanganyane: hapana.

Turkana ndilo linalowapotosha wengi, maana maji yake ya kijani hupendeza macho. Sehemu kubwa huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Chumvi yake ni kidogo kuliko ya bahari, na wako wakazi wa ufuoni wanaoyanywa kwa kukosa mengine. Lakini yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Inapozidi kwa miaka, meno ya watoto hutiwa madoa ya kahawia, na baadaye mifupa huumia. Siku mbili za matembezi hazileti madhara hayo. Kosa ni kudhani kwamba kuchemsha kutaiondoa. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufurianikwa moto, floraidi na chumvi huzidi ukali. Vidonge vya klorini navyo haviondoi floraidi.

Kwa safari ya Bogoria au Turkana, basi, jazeni mitungi kabla ya kuondoka: angalau lita 3 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na za ziada gari likikwama. Kwa Baringo, bebeni ya siku ya kwanza pamoja na sufuria ya kuchemshia.