Reale ya Shamu: Sarafu na Tarehe Yake

Mwanafunzi wa fasihi anayekwenda Lamu kutafuta miswada ya tendi huonyeshwa mengi yasiyokuwa miswada. Mimi nilionyeshwa sarafu yenye mwaka 1780, nami nikaandika daftarini kuwa ni ushahidi wa biashara ya karne ya 18. Nilikosea, na kosa hilo ndilo chanzo cha makala haya.

Sarafu hiyo ina sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Upande wa pili una tai wa vichwa viwili. Uzito wake ni takriban gramu 28, na sehemu 5 kati ya 6 ni fedha halisi. Wafanyabiashara wa pande za Bahari ya Shamu waliiamini mno, hivyo iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ile ile: Vienna, na katika karne ya 20 hata London na Bombay. Austria yenyewe iliiondoa katika matumizi mwaka 1858. Basi 1780 si lazima iwe tarehe ya kuzaliwa kwa sarafu, kama vile jina la mtunzi katika nakala ya utendi lisivyotuambia mnakili aliishi lini.

Lugha yetu imeihifadhi historia hii. Kamusi za karne ya 19 zinataja *reale ya Shamu*, yaani sarafu hii, na *reale ya mzinga*, sarafu ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo Waswahili waliziona kuwa mizinga. Waliyaita mambo ya ugenini kwa macho yao wenyewe. Aidha, *wakia* ilikuwa uzito wa reale moja, na wakia 16 zilifanya ratili. Neno *fedha* lenyewe lingali madini na pesa kwa pamoja.

Hatari ni kwamba reale nyingi zimeyeyushwa na masonara kuwa vikuku na mikufu, na wazee wanaojua majina yake wanapungua. Kwa hiyo anayekusanya sarafu hizi aanze kwa kukusanya maneno: mwenyewe huiitaje? Aliirithi kwa nani? Ilikuwa mahari au akiba? Akumbuke pia kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 huvihesabu vitu vilivyoingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa vya kale, na havitolewi nje bila kibali.

Sarafu bila maneno ya mwenyewe ni kipande cha fedha tu.