Kujifungua, Kuzalishwa, Kupasuliwa: Sarufi katika Mjadala wa Uzazi

Mjadala kuhusu upasuaji wa uzazi nchini Kenya umechochewa na takwimu. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za demografia na afya, takriban asilimia 9 ya watoto walizaliwa kwa njia hii katika utafiti wa 2014. Katika ule wa 2022 walifikia asilimia 17. Mnamo 1985 Shirika la Afya Duniani lilishikilia kuwa kiwango hakifai kuzidi asilimia 10 hadi 15. Mwaka wa 2015 lilisisitiza kuwa muhimu ni kila mama anayehitaji upasuaji aupate, wala si kufikia kiwango maalumu. Wapo wanaodai kuwa baadhi ya hospitali hukimbilia kisu kwa tamaa ya malipo. Wengine hujibu kuwa wapo akina mama wanaofariki kwa kukikosa. Hoja zote mbili zina uzito. Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kuwazungumzia akina mama wenyewe.

Kitenzi *kujifungua* kina mzizi -fung-, kiambishi cha kutendua -u- na kirejeshi -ji-. Mama ndiye mtenda na ndiye mtendwa. Katika *kuzalishwa*, usababishi na utendwa vimeungana: mtenda ni mkunga au daktari. *Kupasuliwa* huenda mbali zaidi. Mama hubaki mtendwa tu, na dhana ya mtoto hutoweka. Hata mgonjwa wa kidoletumbo hupasuliwa.

Aidha, kirai *njia ya kawaida* hubeba kinyume chake kimyakimya: aliyefanyiwa upasuaji huonekana amezaa kwa njia isiyo ya kawaida. Ndipo baadhi ya jamaa humwambia kuwa hakuonja uchungu. Methali husema, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi." Haikutaja mlango aliopitia mwana. Isitoshe, kidonda cha tumbo kina uchungu wake, nacho huchukua majuma kadhaa kupona huku mtoto akidai kunyonyeshwa.

Je, inatosha basi kusema *kujifungua kwa upasuaji* na *kujifungua kwa njia ya uke*? Istilahi hizi zinafaa katika habari na takwimu, kwani zinamrejeshea mama nafasi ya mtenda bila kupima uzazi mmoja kwa mwingine. Hata hivyo, tafsida isigeuzwe pazia. Mama aliyetiwa kisu bila kuelezwa sababu wala kuombwa idhini ana haki ya kusema, "Nilipasuliwa." Hapo kauli ya kutendwa ni ushahidi, na kuisahihisha ni kumnyamazisha.

Mwanafunzi wa Kiswahili atakayetafsiri fomu ya idhini au kuandika habari za afya hana budi kuuliza kwanza: katika sentensi hii, nani ametenda, na mama mwenyewe angesemaje?