Kuoanisha Takwimu za Biashara ya Nje na Daftari la Wafanyabiashara

Somo hili linatolewa kwa manufaa ya wafanyabiashara wa Unguja na Pemba, mawakala wa forodha, na watumishi wa ofisi zote zinazoweka kumbukumbu za bidhaa. Limekusudiwa kueleza jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni la wataalamu peke yao, ilhali chanzo chake kimo mikononi mwa mtu anayejaza fomu bandarini. Jambo lenyewe ni namna hati ya forodha inavyooanishwa na daftari la wafanyabiashara, ili ijulikane si bidhaa iliyopita tu, bali pia ni mfanyabiashara wa namna gani aliyeipitisha.

Katika karne ya 19 swali hilo lilikuwa jepesi. Ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa tajiri mmoja, na aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikuwa na asili ya Kutch, India. Tajiri huyo alizijua pembe za ndovu zilizoshushwa, na alimjua vilevile mwenye kuzishusha, kwani mara nyingi ndiye aliyemkopesha fedha za safari. Elimu ya bidhaa na elimu ya mtu zilikaa katika daftari moja. Jina la Forodhani limebaki mahali pake hadi leo, lakini elimu hizo mbili zimeachana, na kila moja inawekwa na ofisi yake.

Hati ya forodha ya leo inaieleza bidhaa kwa ukamilifu. Inataja namba ya bidhaa katika orodha ya kimataifa iliyoanza kutumika mwaka 1988, ambayo inasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu 6 za mwanzo za namba hiyo ni zile zile kwa kila nchi inayoifuata orodha. Kwa mfano, karafuu zimo chini ya 0907: nzima ni 0907.10, na zilizopondwa au kusagwa ni 0907.20. Hati hiyo inataja pia uzito, thamani, nchi ya asili ya bidhaa na nchi ilikotumwa. Nchi hizi mbili zisichanganywe. Feni iliyotengenezwa China na kununuliwa katika ghala la Dubai asili yake ni China, ijapokuwa aliyeituma yuko Dubai. Ama kuhusu mfanyabiashara mwenyewe, hati hiyo ni maskini. Inatoa jina na namba yake, basi. Haisemi ameajiri watu wangapi, alianza lini, anamilikiwa na wenyeji au na wageni, wala kama kazi yake ya asili ni hoteli, kiwanda au duka.

Habari hizo zimo katika madaftari mengine. Hapa Zanzibar usajili wa makampuni na majina ya biashara unafanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Kodi za ndani zisizo za Muungano zinakusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, iliyokuwa zamani Bodi ya Mapato. Ushuru wa forodha, kwa kuwa ni jambo la Muungano, unakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa namba ya mlipakodi ijulikanayo kwa kifupi TIN. Nayo Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali huzihesabu biashara na kuuliza idadi ya wafanyakazi na aina ya shughuli. Mfanyabiashara mmoja basi anaweza kuwa na namba tofauti katika ofisi tofauti, na ofisi hizo zisijue kwamba zinamzungumza mtu yule yule.

Kuoanisha maana yake ni kuzikutanisha kumbukumbu hizo kwa kutumia namba moja inayofahamika pande zote. Pale namba inapokosekana hutumika jina, na hapo ndipo kazi inapokuwa nzito. Biashara ya kubuni yenye jina la Al-Noor itaonekana katika hati moja kuwa Al-Noor, katika nyingine Alnur, na katika ya tatu Al Nuur. Mashine ya hesabu itasema hizo ni biashara tatu. Yupo pia mwenye makampuni matatu yaliyosajiliwa mbali mbali, lakini ghala ni moja, karani ni mmoja na mfuko ni mmoja. Mtakwimu hana budi kuamua kama anahesabu karatasi za usajili au anahesabu biashara inayofanya kazi. Desturi inayopendelewa ni hiyo ya pili.

Nchi za Ulaya zililazimika kuingia katika jambo hili kwa sababu ya pekee. Tarehe 1 Januari 1993, nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliondoa hati za forodha kwa bidhaa zinazotoka nchi mwanachama kwenda nyingine. Takwimu zilikuwa karibu kupotea pamoja na hati. Kwa hiyo ofisi za takwimu ziliamua kuyauliza makampuni moja kwa moja yamenunua nini na kuuza nini, na ili kuyauliza ilibidi kwanza kuwa na daftari lao. Daftari lilipokuwapo, kuliunganisha na habari za ukubwa na shughuli za kampuni kulikuwa hatua fupi. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mpya wa takwimu za biashara ya bidhaa, ambao unahimiza nchi ziziunganishe takwimu hizo na madaftari ya biashara.

Matokeo ya kazi hiyo yaliwashangaza wengi. Wachumi Bernard, Jensen, Redding na Schott, katika makala yao ya mwaka 2007, walionyesha kwamba kati ya makampuni milioni 5.5 yaliyokuwa yakifanya kazi Marekani mwaka 2000, asilimia 4 tu ndiyo yaliyouza bidhaa nje. Katika hao wachache, sehemu moja ya kumi iliyo kubwa zaidi ilibeba asilimia 96 ya mauzo yote ya nje ya nchi ile. Yaani nchi yenye uchumi mkubwa kiasi hicho, mauzo yake ya nje yamo katika mikono ya makampuni machache sana. Kabla ya hapo, Bernard na Jensen walikwisha kuonyesha mwaka 1995 kwamba viwanda vinavyouza nje ni vikubwa zaidi na vinalipa mishahara mizuri zaidi kuliko vile visivyouza. Swali likawa, je, kuuza nje ndiko kunakokikuza kiwanda, au kiwanda kilichokwisha kukua ndicho kinachoweza kuuza nje? Uchunguzi wa baadaye ulielekea zaidi upande wa pili. Wanaodhani kwamba mfanyabiashara mdogo akipelekwa kwenye maonesho ya nje mara moja atarudi akiwa mkubwa, inafaa walitafakari jambo hilo.

Kwa visiwa hivi faida ya kuoanisha iko wazi. Jedwali la bidhaa peke yake likionyesha kwamba uagizaji wa vigae umepungua, halisemi kama waagizaji mia moja wamepunguza kidogo kidogo au mwagizaji mmoja mkubwa amefunga mlango. Hali ya kwanza inahusu bei au ushuru, na ya pili inahusu mtu mmoja na wafanyakazi wake. Dawa ya moja haiifai nyingine.

Hata hivyo jedwali lililooanishwa linaweza kupotosha, na mahali pa kwanza linapopotosha ni katika kontena la kuchangia. Wafanyabiashara wengi wadogo hawana mtaji wa kujaza kontena zima. Hukusanyika, kila mmoja akaweka mzigo wake, na hati ikaandikwa kwa jina la mmoja wao au la msafirishaji. Ichukuliwe mfano wa kubuni kwamba watu 40 wenye maduka wamechangia makontena 10 kwa mwaka mzima, na yote yameingia kwa namba moja. Katika takwimu watu 40 hao hawapo. Badala yao ameonekana mwagizaji mmoja mkubwa ambaye hayupo duniani. Serikali ikitaka kuweka nafuu kwa waagizaji wadogo itaambiwa kwamba wadogo ni wachache, na itaamini, kwa sababu hesabu imetoka katika hati halali. Nao wale 40 wakienda benki kuomba mkopo hawatakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba wameagiza bidhaa kwa miaka mingi.

Ubaya unaofanana na huo hutokea pale namba ya wakala wa forodha inapoandikwa katika nafasi ya mwagizaji, ama kwa haraka, ama kwa sababu mwenye mzigo hana namba na ameazima. Kuazimana namba si wema kama inavyodhaniwa. Aliyeazima anafutika katika kumbukumbu, na aliyeazimisha anabeba jina la mzigo asioujua. Ofisi ya mapato ikilinganisha mizigo iliyoingia kwa namba yake na mauzo aliyoyatangaza, yeye ndiye atakayetakiwa kujibu.

Mahali pa pili panahusu mwani, na hapo yafaa kutua. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani uliokaushwa hutoka nchini chini ya namba 1212.21 ukiwa wa kuliwa na binadamu, na 1212.29 ukiwa wa matumizi mengine. Lakini mkulima hauzi nje. Anaiuzia kampuni, na kampuni ndiyo inayojaza hati. Hati hiyo ikioanishwa na daftari, shughuli ya kampuni itasomeka kuwa ni biashara ya jumla. Katika jedwali, basi, mwani wote utaonekana kuuzwa nje na wafanyabiashara wa jumla, wala mwanamke aliyefunga kamba majini wakati wa bamvua hatakuwamo katika safu yoyote. Hakuna aliyekosea kuandika. Jedwali limejibu swali lililoulizwa, nalo ni nani aliyesafirisha. Swali la nani aliyezalisha linahitaji sensa ya kilimo, na anayelisoma jedwali la kwanza kana kwamba ni la pili atapanga misaada katika maghala ya mjini badala ya pwani. Karafuu ni hivyo hivyo. Kwa miongo mingi zimenunuliwa na kusafirishwa na shirika la umma, na jedwali linaloonyesha msafirishaji mmoja halielezi lolote kuhusu maelfu ya wakulima wa Pemba.

Linabaki suala la siri, ambalo ndilo linalowatia hofu wafanyabiashara wengi. Misingi ya takwimu rasmi iliyopitishwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1994, na kuidhinishwa na Baraza Kuu mwaka 2014, inasema bayana kwamba habari za mtu mmoja au kampuni moja zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu ziwe siri na zitumike kwa takwimu tu. Kuoanisha kunafanyika ndani ya ofisi ya takwimu, na kinachotoka ni jumla. Habari za kodi huingia huko kusaidia hesabu, lakini majibu ya dodoso la takwimu hayarudi kwa mkusanya kodi.

Katika nchi ndogo kuificha siri ni kazi ya uangalifu. Kanuni inayotumiwa katika nchi nyingi ni kutochapisha safu yenye wafanyabiashara chini ya watatu. Kwa nini watatu? Kwa sababu wakiwa wawili, kila mmoja akiondoa kiasi chake katika jumla ataujua mzigo wa mwenzake. Na kufuta safu moja hakutoshi. Ichukuliwe kwamba jumla ya uagizaji wa bidhaa fulani ni shilingi milioni 900, waagizaji wadogo wameleta ya milioni 120, wa kati ya milioni 300, na safu ya wakubwa imeachwa wazi kwa sababu yumo mmoja tu. Mtoto wa skuli atatoa 420 katika 900 na kupata 480. Hivyo ni lazima safu ya pili nayo ifichwe, ijapokuwa yenyewe haina siri, au wa kati na wakubwa wachanganywe katika safu moja. Msomaji anayeona nafasi tupu katika jedwali asidhani kwamba karani amechoka.

Kadhalika, mizigo ambayo mwenyewe hakupatikana katika daftari isigawanywe kwa kukisia miongoni mwa wengine. Iwekwe katika safu yake yenyewe, ya wasiotambulikana, na safu hiyo ichapishwe. Ikiwa kubwa, msomaji ajue ni kwa kadiri gani ayategemee yaliyobaki.

Kabla ya kutia saini hati ya forodha, mfanyabiashara anashauriwa kuangalia nafasi ya mwagizaji au msafirishaji: jina liwe kama lilivyo katika cheti cha usajili, herufi kwa herufi, na namba iwe ya mwenye mzigo. Wakala ana nafasi yake ya pekee katika hati hiyo hiyo. Wanaochangia kontena wamtake wakala awaandikie hati mbali mbali kwa kila mwenye mzigo pale utaratibu unaporuhusu, na wahifadhi nakala. Aliyebadilisha shughuli, kuhama mtaa au kufunga biashara aiarifu ofisi ya usajili, kwani daftari linalowahesabu waliokwisha kufunga haliwezi kuwahesabu sawasawa waliopo.