Ng'oa alizeti moja uutazame mzizi

Ukimaliza kuvuna alizeti, ng'oa mabua machache kabla ng'ombe hawajaingia shambani. Chimba kando kwanza, vuta taratibu, kung'uta udongo, kisha tazama mzizi mkuu. Ardhi ikilegea, mzizi wa alizeti hushuka hata mita 2, ndiyo maana zao hili limeshika Singida, mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, tena zinazokatika njiani. Ukikuta mzizi umeshuka kidogo kisha umepinda na kulala ubavu, usiilaumu mbegu. Chini pana tabaka gumu lililoshindiliwa na plau kupita kina kilekile kila mwaka. Mbolea hailivunji. Litindue kwa ripa ya kukokotwa na ng'ombe, au kwa sururu kwenye mistari ya kupandia, udongo ukiwa bado mkavu.

Mzizi mnene kazi yake ni kushikilia na kupitisha. Vinavyofyonza maji ni vinyweleo vilivyo karibu na ncha za mizizi midogo, na jembe la palizi likichimbua sana karibu na shina huvikata.

Kutoka hapo maji hupanda shinani kwa mirija ya zailemu, na chakula kilichopikwa na majani hushuka kwa floemu. Kwenye mti, floemu imo upande wa ndani wa gome. Anayechuna gome shina zima ili apate mzinga wa nyuki anainyima mizizi chakula; majani yatabaki kijani kwa muda, lakini mti umeshakufa. Asali ya Singida ina jina, na mzinga wa mbao unaitoa vilevile.

Tukija kwenye mbegu, tafuta macho. Muhogo tunaokula ni mzizi usio na macho, kwa hiyo tunapanda kipande cha shina cha sentimita 20 hadi 30, macho yakitazama juu. Kiazi mviringo, ingawa hukaa ardhini, ni shina: kila kipande kiwe na jicho.

Kiazi kitamu ni mzizi pia, ila chenyewe huchipua, na hiyo ni nafuu kubwa kwa anayekaukiwa na marando kiangazi. Chagua viazi vidogo visivyo na vidonda wala fukusi, vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu, uviweke ndani penye ubaridi. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vihamishie kwenye bustani na umwagilie. Mvua ikianza, marando yatakuwa tayari kukatwa.