Mzunguko wa Siku Sita katika Mabonde ya Yorkshire

Kaskazini ya Uingereza liko jimbo liitwalo Yorkshire, lenye milima ya mawe ya chokaa na mabonde marefu yafugiwayo kondoo. Huko iko safari ya miguu ijulikanayo kwa jina la The Inn Way. Msafiri huondoka mji mdogo wa Grassington, hufuata mto Wharfe kupitia vijiji vya Kettlewell na Buckden, huvuka milima kuingia mabonde ya Wensleydale na Swaledale, na baada ya siku sita na maili 76 hivi hurejea pale pale alipoanzia. Njiani ziko baa za kale zaidi ya 20, na kila jioni hulala kijiji chenye baa.

Mtu aliyezoea kumwona mama yake akienda sokoni kwa miguu na mzigo mgongoni huenda akacheka. Mwenye motokaa atatembeaje siku sita kwa hiari yake, kisha alipe fedha ya kulala? Lakini liko swali kubwa kuliko hilo: ni nani aliyempa ruhusa? Maana karibu njia yote yapita katika mashamba ya watu, katikati ya kondoo wao, na pengine nyuma ya jiko lao.

Ruhusa hiyo ni ya sheria. Njia iliyotumiwa na watu wote kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila mwenye ardhi kuwazuia, huhesabiwa kuwa njia ya umma. Hesabu hiyo ya miaka iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1932. Mwaka 1949 Bunge likaziagiza halmashauri za majimbo kuzichora njia hizo katika ramani rasmi, na njia ikiisha kuandikwa humo mwenye shamba hana haki ya kuiziba kwa ukuta wala kwa waya.

Nyingine ni za kale mno. Katika Swaledale iko njia ambayo watu wa Keld na vijiji vya juu waliitumia kuwachukua maiti wao mabegani, zaidi ya maili 10, mpaka kanisa la Grinton, kwa kuwa hapakuwa na makaburi ya karibu. Taabu hiyo ilipungua mwaka 1580, lilipojengwa kanisa la Muker. Watembeao humo leo kwa kujifurahisha hukanyaga mawe yale yale.

Milima iliyo wazi, isiyo na njia, ilikuwa shauri jingine. Mwezi wa Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyao kazi katika miji ya viwanda kama Manchester, walipanda Kinder Scout, katika jimbo la Derbyshire, bila idhini ya wenyewe. Wakapambana na walinzi, na vijana watano wakafungwa, kila mmoja kati ya miezi 2 na 6. Sheria ya kuwafungulia watembeaji milima ya namna hiyo haikupitishwa mpaka mwaka 2000.

Haki hii ina adabu yake. Lango lililokutwa limefungwa lifungwe tena. Mbwa afungwe kamba, hasa wakati kondoo wanapozaa. Katika kuta za mawe yasiyotiwa saruji zimeachwa nafasi nyembamba, pana juu na finyu chini, hata miguu ya mtu hupita lakini kondoo hawezi. Ni ufundi mwepesi, na haudai bawaba wala komeo. Mishale ya rangi ya manjano yaonyesha njia ya waendao kwa miguu. Hata hivyo ramani na dira havifai kuachwa nyumbani, kwa kuwa ukungu hushuka juu ya milima hiyo kwa ghafula, hata wakati wa kiangazi.

Baa zenyewe hujulikana kwa mbao za picha zilizotundikwa mlangoni, desturi iliyobaki tangu siku ambazo wengi hawakujua kusoma: fahali mweusi huko Reeth, kengele ya buluu huko Kettlewell, mbweha na mbwa huko Starbotton. Ndani mna moto wa kuni, chakula cha moto, na mkulima aliyeketi karibu na mgeni aliyelowa mvua.

Lakini baa nyingi za vijijini zimefungwa. Bia ya dukani ni rahisi, anywaye hathubutu kuendesha motokaa, na nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa mijini wajao wakati wa likizo tu. Kijiji cha watu mia moja hakiwezi peke yake kuilisha baa. Fedha ya watembeaji ndiyo iendeshayo nyingi. Na ikifungwa moja, mwendo wa siku huwa mrefu kupita kiasi, na mgeni hupita bila kusimama.

Kijiji cha Hudswell, karibu na mji wa Richmond, hakimo katika mzunguko huu, lakini kilipatwa na msiba huo mwaka 2008, baa yake ya pekee ilipofungwa. Wanakijiji wakauza hisa, wakainunua wenyewe, na mwaka 2010 wakaifungua. Wakatia humo duka dogo na maktaba, na nje wakagawa vipande vya shamba la mboga. Chama cha wapenda bia kikaichagua kuwa baa bora ya Uingereza yote ya mwaka 2016.