Mjazwe Roho: Amri Moja, Vitenzi Vitano

Andiko: Waefeso 5:18–22

Mimi bado ni mwanafunzi mchanga wa Kigiriki, lugha iliyotumika kuandika Waraka kwa Waefeso. Lakini kuna kitenzi kimoja kimenikamata, nikaona tushirikiane.

Kitenzi chenyewe ni plerousthe, yaani mjazwe. Hebu tukifungue. Hiyo "m" ni ya wengi: amri si ya pasta na waimbaji peke yao, ni ya kanisa zima. Hiyo "w" inaonyesha tunatendewa: hakuna anayejijaza, Mungu ndiye hujaza. Kigiriki kinaongeza jambo la tatu: umbo lake ni la tendo linaloendelea. Endeleeni kujazwa! Ile kesha ya mwaka jana haitoshi leo.

Baada ya amri hiyo vinafuata vitenzi vitano vya aina inayoitwa patisipo. Isikutishe, sisi tunayo "-ki-". Tukisema, "Mama alikuja akiimba," habari kuu ni kuja. Kuimba kunaegemea hapo. Vivyo hivyo hapa: mjazwe, mkisemezana, mkiimba, mkishangilia, mkishukuru, mkinyenyekeana. Amri ni moja. Hivyo vitano vinaonyesha maisha ya waliojazwa yalivyo.

Vinne vya kwanza tunaviweza sana Jumapili. Kazi iko kwa cha tano, kunyenyekeana. Kigiriki kinataja wazi kwamba ni ninyi kwa ninyi. Tena, katika nakala za kale sana, kama ile iitwayo Vaticanus, mstari wa 22 unaohusu wake hauna kitenzi chake. Unaazima hiki cha mstari wa 21. Kwa hivyo mume hawezi kuuchomoa mstari wa 22 aufanye rungu la nyumbani. Mzizi wake ni kujazwa Roho, na kunyenyekeana kunamgusa yeye pia. Ndugu, ukinena kwa lugha kanisani, na nyumbani hakuna anayethubutu kukwambia neno, umeruka kitenzi cha tano.

Wiki hii, someni mistari hii mitano pamoja nyumbani. Kisha muulize mwenzako, "Ni wapi nimekataa kukunyenyekea?" Akijibu, usijitetee. Sikiliza. Halafu ombeni pamoja, mjazwe tena.

Mbarikiwe.