Mratibu anaondoka, mradi wangu je?

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa mwisho katika programu ya ujasiriamali wa sanaa na ubunifu, chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Mwalimu aliyeianzisha ameteuliwa kwingine, anaondoka mwezi ujao. Anayekaimu ni mhadhiri wa masoko ambaye hajawahi kufika hata kwenye maonyesho yetu. Mimi natengeneza mikoba ya ukili yenye mikanda ya ngozi. Mwalimu aliniahidi fedha za sampuli na kunikutanisha na mwenye duka la watalii. Kwa ahadi hiyo nikawaagiza kazi akina mama wanaosuka huko Mkuranga. Wenzangu wanataka tuandike barua ya kuupinga uteuzi. Nisaini?*
*Mwenye Mikoba, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Usisaini. Kuteua mratibu ni kazi ya uongozi wa chuo, na huyo anayekaimu hakujiteua. Mkianza kwa kumkataa, ataingia ofisini akiwaogopa watu wale wale anaotakiwa kuwalea. Andikeni barua, ndiyo, lakini iombe makabidhiano ya maandishi: miradi inayoendelea, walezi wake, fedha zilizoidhinishwa. Barua ya namna hiyo hata mwalimu wenu anayeondoka ataifurahia.

Kuna mambo ambayo mratibu mpya hawezi kuyagusa kirahisi. Mtaala wenu umepita Seneti na una ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Hauwezi kufutwa kwa sababu mtu amehama ofisi. Kinachotetereka ni vile vilivyokuwa mikononi mwa mtu mmoja: simu aliyozoea kumpigia mwenye duka, karakana aliyowafungulia Jumamosi kwa hisani yake, na maneno aliyowaambia koridoni. Ahadi uliyopewa iko katika kundi hilo, na ndiyo maana nataka uende kwake wiki hii.

Muulize dokezo la fedha zako liko wapi. Fedha za chuo hazitoki kwa nia njema ya mwalimu. Zinatoka baada ya dokezo kuidhinishwa. Kama limeandikwa, omba nakala. Kama halikuandikwa, mwombe aliandike kabla hajakabidhi ofisi. Kisha mwombe akukutanishe na mwenye duka sasa hivi, ana kwa ana, ili mama au baba huyo akujue wewe na mikoba yako, na namba yake ibaki kwenye simu yako.

Kazi isitegemee mtu mmoja. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuuza picha zake hapa Dar es Salaam. Uchoraji wake haukuzikwa naye kwa sababu alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa waliokuwa wakichora pamoja naye. Waliendelea kuchora na kuuza, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Ufundi ulikuwa mikononi mwa watu wengi. Ninyi pia, gawaneni majina ya wanunuzi, mafundi wa ngozi na wauzaji wa vifaa, badala ya kuyaacha yote kwenye daftari la mwalimu.

Lakini kinachonikera zaidi katika barua yako ni habari ya akina mama wa Mkuranga. Wameshakata ukindu, wameuanika, pengine wameutia rangi, na hakuna ofisi ya chuo inayowafahamu. Waliagizwa na wewe. Wapigie leo kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Waambie ukweli, simamisha kazi ambayo haijaanza, na iliyokwisha kusukwa ilipe hata kwa mafungu. Dokezo likikataliwa, deni hilo bado ni lako.

Kuhusu huyo mhadhiri wa masoko, msimhukumu. Mpelekee mkoba mmoja uliokamilika na hesabu yake yote: ukindu, ngozi, uzi, ujira wa msusi, nauli ya Mkuranga, na saa zako mwenyewe, ambazo wasanii wengi huzisahau. Huyo ndiye mtu wa kukuambia bei yako inakupa hasara. Akikushauri ubadilishe ukindu kwa plastiki ili upunguze gharama, hapo simama umweleze kwa nini hapana. Mnunuzi wako anafuata ukindu.

Michoro yako yote iandike tarehe na uitunze. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaulinda ubunifu wako, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, watakueleza namna ya kuusajili. Jina la biashara lipeleke kwa wakala wa usajili, BRELA. Ila mifumo ya kusuka waliyoirithi akina mama si yako, usithubutu kuisajili kwa jina lako.

Ukishapata jibu la dokezo, niandikie. Likiwa hapana, tutapanga namna ya kuipeleka mikoba ya kwanza kwa wauzaji wa vinyago pale Mwenge, na fedha za kwanza ziende Mkuranga.